Ni Msitu Upi Unaoulizwa?

Siku moja baada ya Krismasi tulikuwa kibarazani kwa baba mdogo, Shinyalu kule Kakamega, tumeshiba kuku, wakati binamu yangu alipotoa simu na kuipitisha kwa kila mtu kama anayechangisha harambee. Kwenye kioo kulikuwa na michoro 7. Kila mchoro ulikuwa na miduara miwili, mmoja umeandikwa "mimi", mwingine "asili". Katika mchoro wa kwanza miduara imetengana. Kuanzia hapo inazidi kuingiliana hadi wa 7, ambapo mmoja umelala juu ya mwenzake mpaka unaona mduara mmoja tu. Unatakiwa uchague mchoro unaofanana na wewe.

Kaka yangu mdogo alichagua wa kwanza, kwa mzaha, akasema yeye ni mtu wa lami. Mama mdogo alichagua wa 5 bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria aliyokuwa akiisugua. Mimi nilichagua wa 4, ule wa katikati, vile mtu huchagua akijaza fomu ya ofisini asijue itasomwa na nani. Binamu akasema zamani alikuwa wa 2, na tangu mwaka jana yeye ni wa 7. Alilisema kwa sauti ambayo iliwafanya hata watoto wanyamaze.

Kisha simu ikamfikia baba mdogo. Mzee huyu alifanya kazi kwenye vitalu vya miche vya idara ya misitu mpaka akastaafu. Aliishika simu mbali na uso, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hii asili iliyoandikwa hapa," akasema, "ni msitu upi? Ule wa serikali, ama miti yangu hapo nyuma?"

"Ni yote, Baba," binamu akajibu akicheka.

"Yote hakuna."

Akamrudishia simu bila kuchagua.

Tangu siku hiyo sijapata amani na majibu hayo mawili. Nimerudi nayo Nakuru, nimeyabeba kwenye matatu, nimeyapeleka hata kanisani.

## Chai ya Uholanzi

Binamu anaishi Uholanzi. Huko uyoga wenye silosibini, kemikali inayobadilisha fahamu, ulipigwa marufuku mwishoni mwa 2008, lakini marufuku ile haikugusa vinundu vigumu ambavyo baadhi ya aina za uyoga huo hutengeneza chini ya udongo. Silosibini iliyomo ni ileile. Kwa hiyo vinundu vinauzwa dukani mchana kweupe, na kuna nyumba za mashambani ambako watu hulipa pesa nzuri, hupikiwa chai yake, hulazwa kwenye magodoro na kuangaliwa na wahudumu mpaka nguvu yake iishe. Kwa kawaida ni muda wa saa 4 hadi 6.

Alikwenda huko baada ya mwaka mbaya ambao si wangu kuusimulia.

Alichotueleza ni kwamba nguvu ya chai ilipoanza kushuka, walitolewa nje bustanini. Palikuwa na mti mkubwa wa huko ambao mpaka leo hajui jina lake. Aliweka kiganja kwenye gome, na kwa muda hakuweza kujua mkono wake unaishia wapi na gome linaanzia wapi. Hakuona majini, hakuona rangi za sinema. Alisema kile kinachosema "mimi" kichwani mwake kilinyamaza, mti ukabaki, na hakuona kama kuna kitu kimepungua duniani.

Alilia sana. Aliporudi mjini aliacha nyama. (Kuku wa Krismasi alimla. Nyumbani kwa Kukhu, bibi yetu, hakuna mtu huacha kuku.)

Wataalamu wana maelezo yao. Silosibini ikifika mwilini hugeuka kuwa silosini, nayo hujishikiza kwenye vipokezi vya serotonini katika ubongo, hasa kile kinachoitwa 5-HT2A. Picha za ubongo zinaonyesha kwamba mtandao fulani, ambao hushughulika sana tunapojifikiria wenyewe, madeni yetu na maneno tuliyoambiwa jana, hulegea mpangilio wake. Dhana yao ni kwamba mtandao huo ukilegea, mpaka kati ya mtu na kisicho mtu hulegea pia.

Na kabla hujaniandikia faraghani: hapa Kenya silosibini na LSD, dawa nyingine ya aina hiyo, zimekatazwa na sheria ya dawa za kulevya ya 1994, na mimi sijaonja. Tena usiende kuchuma uyoga wowote porini ukitafuta maono. Kuna uyoga unaoua ini kwa siku chache, na sura yake ni ya upole tu. Hata kwenye utafiti, watu wenye historia ya ugonjwa wa akili wa skizofrenia katika familia huondolewa mapema kabisa, kwa sababu mlango huo kwa wengine hufunguka na kukataa kufungika.

## Kipimo kilichotoka kwa wapenzi

Nilianza kusoma usiku, watoto wakishalala. Kitu cha kwanza nilichogundua ni historia ya miduara yenyewe. Mwaka 1992 wanasaikolojia Arthur Aron, Elaine Aron na Danny Smollan waliitengeneza ili kupima ukaribu wa mtu na mtu: wapenzi, marafiki, ndugu. Takriban miaka 10 baadaye Wesley Schultz alimwondoa mpenzi kwenye mduara wa pili, akaweka asili.

Hapo nikasimama kidogo.

Mpenzi unaweza kumuuliza yeye amechagua mchoro upi. Ukimkuta amechagua wa 2 nawe umechagua wa 7, mna mazungumzo. Msitu wa Kakamega haujawahi kupewa fomu.

Lakini tuwe wa haki, watafiti hawakuishia kwenye miduara. Kuna kipimo kingine cha 2009 cha Elizabeth Nisbet na wenzake, chenye sentensi 21 ambazo unakubali au kukataa. Na matokeo yapo. Mwaka 2017 Matthias Forstmann na Christina Sagioglou walichapisha uchunguzi wa watu karibu 1,500: waliowahi kutumia saikedeliki (dawa za jamii ya silosibini na LSD) zaidi maishani ndio waliojisikia karibu zaidi na asili, na ndio waliosema wanayatunza mazingira zaidi. Kwa dawa nyingine za kulevya hali haikuwa hivyo. Mwaka 2018 Taylor Lyons na Robin Carhart-Harris wa Imperial College London walieleza kuhusu wagonjwa wa sonona isiyosikia dawa za kawaida; baada ya silosibini, hisia yao ya kuwa karibu na asili ilipanda. Wagonjwa wenyewe walikuwa 7. Saba! Harusi ya kwetu haianzi na watu 7. Mwaka 2019 ukaja uchunguzi mkubwa zaidi, wa Hannes Kettner na wenzake, uliowafuata mtandaoni watu 654 waliokuwa wamepanga kutumia saikedeliki: waliulizwa kabla, wiki 2 baadaye, wiki 4 baadaye, na miaka 2 baadaye, idadi ya waliojibu ikipungua njiani. Hisia ilipanda na haikushuka upesi. Ilipanda zaidi kwa wale waliopoteza ile "mimi" yao, na kwa wale waliokuwa na mazingira ya asili karibu nao wakati wa tukio.

Soma hiyo sentensi ya mwisho mara mbili.

Shaka zangu zilianzia hapo. Mtu anayejiandikisha kwenda kunywa chai ya vinundu katika nyumba iliyo kando ya msitu, iliyotundikwa picha za mizizi ukutani, amekwisha kuchagua nusu ya jibu. Anajua anachotafuta. Na ni vigumu kumpa mtu maji ya sukari ukamwambia ni silosibini. Kufikia saa ya pili atajua kama dari linapumua au halipumui. Kwa hiyo sehemu gani ya mabadiliko ni ya dawa, sehemu gani ni ya hamu, na sehemu gani ni ya mti wenyewe, hilo halitenganishwi kirahisi. Watafiti wenyewe wanalisema.

## Ziwa sebuleni

Mimi naishi Nakuru. Kwa miaka mingi fahari yetu ilikuwa heroe, mstari wa waridi pale chini ambao mgeni akishuka kutoka Nairobi lazima aonyeshwe. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji yakaanza kupanda. Yalipopanda, magadi yalizimuliwa, mwani ambao heroe wadogo hutegemea ukapungua, na ndege wengi wakaenda maziwa mengine, Bogoria na kwingineko. Lango kuu la hifadhi likamezwa. Baadaye maji yakaendelea mpaka kwenye viwanja vya watu.

Nilikwenda kumsaidia jamaa yetu mmoja kuhamisha vyombo. Tulibeba kabati la televisheni tukiwa tumekunja suruali, na chini ya maji tulikuwa tunakanyaga sakafu aliyokuwa ameipaka rangi nyekundu mwenyewe. Kwa siku kadhaa jirani zake hawakuzungumza kitu kingine ila ziwa: limefika wapi usiku, limerudi, limechukua choo cha nani.

Kwenye michoro ile, huo ulikuwa wa 7. Miduara ilipishana kabisa na hakuna aliyelia kwa furaha.

Sisemi hivi kumkejeli binamu. Nasema hivyo kwa sababu katika sentensi zile 21 na michoro ile 7, asili imechukuliwa kuwa kitu kizuri kilicho mbali, ambacho mtu aliyeharibika kwa mji anahitaji kukirudia. Kwa mtu wa kando ya ziwa linalopanda, au kwa mkulima wa Nyando anayeingiliwa na mto kila masika, tatizo si umbali.

## Waliofunga Menengai

Hapa juu ya mji tuna Menengai, bonde la volkano lenye upana wa karibu kilomita 12, na huko chini kuna mapango ambamo watu hufunga na kuomba. Wengine hukaa siku na siku. Ukishuka asubuhi mapema unasikia nyimbo kabla hujamwona mtu. Kisumu nako, ukielekea Bondo, kuna Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana, ambapo waumini wa kanisa la Legio Maria hukusanyika na kukesha.

Watu hawa hawali kitu. Hawalali. Wanaimba usiku kucha kwa mdundo mmoja. Kama kuna njia ya kulegeza ile "mimi" bila kemikali, hiyo ni mojawapo, na naamini huwa inalegea. Nimewaona wakipanda kutoka Menengai na macho yao, na sina haja ya mashine ya picha za ubongo kujua kwamba wametoka mahali.

Lakini sijamsikia hata mmoja akisema alikuwa kitu kimoja na mwamba.

Wanasema wamesikia sauti ya Mungu. Wanasema wameonyeshwa adui. Wanasema mtoto atapona. Mwamba umewazunguka pande zote, giza la mwamba limewafunika, maji ya mwamba yamewadondokea kichwani, na wametoka na ujumbe kuhusu karo na ndoa.

Nilipofika hapa katika kufikiri kwangu nilidhani nimemaliza kazi. Nikajiambia: basi, dawa haimpi mtu msitu. Humpa mtu alichokuja nacho, kwa sauti kubwa zaidi. Mholanzi mwenye picha za mizizi ukutani anapata mizizi. Nilikuwa tayari kuandika makala hiyo, ikiwa fupi na yenye kiburi kidogo.

## Vidonge vya María Sabina

Kilichoniharibia ni mama mmoja wa Kimazateki.

María Sabina alikuwa mganga katika mji wa Huautla de Jiménez, jimbo la Oaxaca, Meksiko. Kwao uyoga ulitumiwa usiku, pamoja na mgonjwa, ili kujua ugonjwa umetoka wapi. Haukuwa wa kutafuta Mungu wala wa kuipenda misitu. Mwaka 1955 alimruhusu Gordon Wasson, mtu wa benki kutoka Marekani, kuushiriki. Mwaka 1957 Wasson akaandika kwenye jarida la Life, na baada ya hapo vijana wa kigeni wakamiminika Huautla. Polisi wakaja. Watu wake wakamlaumu. Nyumba yake ikachomwa. Alisema baadaye kwamba tangu wageni walipofika uyoga ulipoteza nguvu. Alifariki mwaka 1985.

Hadithi hiyo hadi hapo ilikuwa upande wangu. Kila kitu ni desturi, ukiitoa desturi unabaki na tumbo linalouma.

Lakini mwaka 1962 Wasson alirudi akiwa na Albert Hofmann, mkemia wa Uswisi ambaye mwaka 1943 alikuwa amegundua kinachofanywa na LSD, na mwaka 1958 akaitenga silosibini kutoka kwenye uyoga wa Meksiko. Hofmann alikuja na vidonge vilivyotengenezwa maabara. María Sabina akavimeza katika kikao chake cha usiku, na kulipokucha akasema vina roho ileile ya uyoga. Alifurahi kuachiwa chupa, kwa sababu sasa angeweza kuwahudumia watu hata majira yasiyo na uyoga.

Mganga mwenyewe! Kidonge kilichotoka kiwandani, kisichojua mvua, na aliyekuwa na haki kuliko wote ya kukikataa akakikubali kwa sababu kina kazi ya kufanya.

Na Hofmann naye ana yake. Alieleza uzeeni kwamba alipokuwa mtoto, asubuhi moja ya Mei katika njia ya msituni juu ya mji wa Baden, msitu ulimng'aria ghafla kwa namna ambayo hakuisahau maisha yake yote. Hakuwa amemeza chochote. Miaka mingi kabla ya maabara, mlango ulikuwa umekwisha kumfungukia mwenyewe.

Kwa hiyo nikawa sina makala. Kitu kinaweza kuja bila dawa. Kinaweza kuja kwa kidonge. Kinaweza kukataa kuja katikati ya mwamba. Nililala na swali la baba mdogo likiwa limebaki zima kama lilivyotoka mdomoni mwake.

## Kichuguu cha nani

Kabla binamu hajarudi Uholanzi alikwenda kumuaga Kukhu, nami nikampeleka. Kukhu sasa haoni vizuri lakini uyoga bado anautambua kwa vidole. Uyoga anaoujua yeye ni ule wa vichuguu: mchwa wanaulima huko chini, kwenye vyumba vyao, na mvua zikianza unachomoza juu. Yeye huchuma huo tu. Mwingine wote ni wa nyani.

Binamu akamsimulia yote. Chai, godoro, mti, kulia. Nilitegemea Kukhu atasonya, maana Kukhu ni wa kanisa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja.

"Na uyoga huo uliota kwenye kichuguu cha nani?"

Kwa Kukhu kichuguu kina mwenyewe. Kile cha karibu na mgomba ni cha familia ya marehemu kaka yake babu. Ukichuma hapo unapeleka kwao bakuli la kwanza. Kile cha barabarani kina ugomvi wa zamani, huchumi. Mzizi wa mukombero unachimbwa hivi na hauchimbwi hivi. Gome la mutere linabanduliwa upande mmoja, na unaupaka udongo unapomaliza. Mwulize Kukhu kama anajihisi kuwa sehemu ya asili na atadhani una homa. Mwulize anamdai nani na nani anamdai, kwa habari ya miti na uyoga, na mtakaa hapo mpaka ng'ombe warudi.

Binamu hakuwa na jibu. Vinundu vile vililimwa kwenye masanduku, na hakuna mtu aliyepelekewa bakuli.

Ingependeza niishie hapo, nikiwa nimempa bibi ushindi. Wasomaji hupenda bibi akishinda. Lakini nimekwenda kwenye msitu huo mara nyingi na nimeona mwiritsa.

Mwiritsa ni mti ambao gome lake hununuliwa Ulaya kwa dawa ya tezi dume; tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Ukitembea ndani utaikuta mingine imebanduliwa pande zote, kutoka mguuni mpaka mkono wa mtu unapofika, imekaukia wima. Aliyefanya hivyo hakuwa mgeni. Ni mtu anayejua jina la mti, anajua kwamba gome hubanduliwa upande mmoja, na amefundishwa na Kukhu wake kupaka udongo. Alikuja usiku akafanya kinyume cha yote hayo. Msitu wa Kakamega kwenye ramani una takriban kilomita za mraba 240, na ndani ya mpaka huo msitu wa asili ni sehemu tu. Umepunguzwa na wakoloni waliofuata dhahabu miaka ya 1930, umepunguzwa na serikali, na umepunguzwa na sisi wenye desturi.

Nilimwuliza baba mdogo kuhusu hilo kwa simu. Alikaa kimya kidogo.

"Mtu hakati mti kwa sababu hampendi," akasema. "Anakata kwa sababu shule zimefunguliwa."

Kisha akaongeza, bila mimi kuuliza, kwamba alipoajiriwa alipewa kazi ya kuwafukuza akina mama wa kijiji chake wasiokote kuni, akiwemo mama yake. Msitu ule ule walikotahiriwa wenzake, alikochimba mukombero, ukawa na risiti. Ndiyo maana hakuweza kuchagua mchoro. Ana misitu miwili. Mmoja unamjua kama mtoto, mwingine unamjua kama mfanyakazi.

Sasa sikiliza kilichotokea na binamu, maana ndicho kilichonigeuza kidogo, kidogo tu. Tulipotoka kwa Kukhu alikuwa na daftari. Alikuwa ameandika majina: miti, vichuguu, watu. Huyu ni mtu ambaye utoto wake wote alikuwa akikimbia kwenda Kakamega mjini kila nafasi ikipatikana, na hakuwahi kumwuliza Kukhu swali lolote ila chakula kiko wapi. Mimi pia sijawahi kuandika majina hayo, na mimi ndiye ninayejiita mwandishi. Kwamba kilichomketisha chini ni mti wa Uholanzi asioujua jina, baada ya chai ya masanduku, naona ni jambo la ajabu na la kuudhi kidogo, lakini ameketi.

Ila hisia ile kuwa juu kwenye dodoso baada ya miaka 2 hainiambii kama mtu ameketi. Uchunguzi ule wa 2017 uliwauliza watu wanavyoishi na mazingira, nao wakajieleza wenyewe. Ningependa siku moja mtu aende akawaulize majirani zao.

## Njia ya ng'ombe

Mwezi uliopita binamu aliweka ujumbe mrefu kwenye kundi la familia. Anataka kuleta wageni kutoka Ulaya, vikundi vidogo, wakae kwenye kiwanja cha baba mdogo kinachopakana na msitu. Hakuna chai, amesisitiza, sheria ni sheria. Watatembea alfajiri, watapanda kilima cha Lirhanda kutazama ukungu, watakaa kimya. Amesoma kwamba mazingira ya asili yenyewe hufanya sehemu ya kazi, na anaamini watu waliokwisha kufunguka kwao wanahitaji mahali pa kuendelea.

Familia ikalipuka. Shangazi wa Kisumu akauliza kama hiyo ni dini. Mtu akatuma kibonzo cha mzungu amekumbatia mti. Kaka yangu akauliza bei.

Baba mdogo alijibu siku ya tatu, kwa ujumbe wa sauti wa dakika 6, upepo ukivuma ndani yake. Alikuwa na masharti. Kwanza, kila mgeni alipe kiingilio cha msitu na awe na risiti, hata kama anakwenda kulia tu. Pili, chama cha jamii cha msitu kiambiwe kabla, na waongozaji wawe vijana wa hapa, walipwe siku hiyohiyo. Tatu, siku za kuni za akina mama zisiguswe, na njia ya ng'ombe inayopita katikati ya kiwanja isifungwe. Nne, mtu asibandue kitu chochote, hata jani, bila kuuliza ni la nani.

Binamu amekubali yote isipokuwa njia ya ng'ombe. Anasema wageni watahitaji ukimya asubuhi, na ng'ombe wa majirani wana kengele. Anaomba wapitishwe upande wa pili kwa zile saa mbili. Mzee amejibu kwamba upande wa pili ni mahindi ya mjane, na kengele hazivuliwi.

Tunakutana Shinyalu likizo ya Aprili kulimaliza. Nimepewa kazi ya kuandika kumbukumbu za kikao, na kaka yangu, mtu wa lami, tayari ameuliza nauli yake italipwa na nani.